Msafiri wa Bara na Auulize Upepo Kwanza

Ndugu mwandishi, nakuandikia kutoka Cheptais kukushukuru kwa makala yako juu ya safari ya kwenda pwani kwa gari lenye vitanda na jiko ndani yake. Ila naona umezitaja barabara zote, tangu Chwele na Bungoma hadi Nakuru, Nairobi na Voi, pasipo kuwatanabahisha wasomaji juu ya pepo za pwani. Sisi tuliozoea baridi ya Mlima Elgon aghalabu hudhani kuwa Malindi ni joto tupu. Kumbe upepo wa kusi ukishika, hasa mwezi wa Juni na Julai, hulipiga gari refu la namna hiyo, lililoegeshwa ubavu kwa bahari, likatikisika usiku kucha. Vasco da Gama mwenyewe aliondoka Malindi kwenda Calicut Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyezijua pepo hizo barabara. Basi mwenye kutaka raha na asafiri wakati wa kaskazi, yaani Desemba hadi Machi. Na akiazimia kufika Lamu, afahamu kwamba gari ataliacha Mokowe, kwani kisiwani huvukwa kwa chombo.