Printa Inachelewa, Karani Anaonywa

Miezi mitatu baada ya duka kuhamia programu mpya, karani wa kaunta alipewa barua ya onyo. Kosa lake, kwa mujibu wa barua, ni kuwahudumia wateja polepole. Ushahidi ulitoka ndani ya programu yenyewe: hurekodi saa ankara inapofunguliwa na saa inapofungwa, kisha huweka jina la aliyeingia kwenye mfumo. Jina lilikuwa lake. Printa haina jina kwenye mfumo.

Naipinga barua ile. Naipinga hapa kwa sababu siku ilipoandikwa sikusema kitu, ingawa nilikuwepo na nilikuwa nimeshaona kinachotokea.

Duka ni la jumla, la vifaa vya ujenzi, Buguruni, Dar es Salaam. Bati, nondo, saruji, misumari. Mimi nasoma shahada ya uzamili, na likizo mbili zilizopita nilihesabu mali stoo ili nipate ada. Karani ni wa umri wa mama yangu. Sote tulimwita Mama, naye aliniita mwanangu, au "msomi" siku nikikosea hesabu. Amekaa kwenye kaunta ile miaka 19.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alitumia programu iliyoandikwa kwa FoxPro ya DOS. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, hakuna mausi. Mama aliijua kwa vidole. Aliweza kuandika ankara huku akimjibu mteja na kumkaripia kuli aliyeegemea meza. Printa ni ya doti, ile ya kelele, yenye vijisindano 9 vinavyogonga utepe juu ya karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Kila ankara ina nakala tatu: ya mteja, ya stoo na ya getini. Bila nakala ya getini, mzigo hautoki.

Kuhama kulikuwa lazima, na hilo silibishii. Kompyuta ya zamani ilikufa, na Windows ya biti 64 iliyokuja na kompyuta mpya haiendeshi programu za DOS. Mtaalamu akakodiwa, akaiandika upya kwa Visual FoxPro 9. Toleo hilo lilitoka mwaka 2004, na Microsoft iliacha kulihudumia mwaka 2015. Hicho ndicho tulichotangaziwa kuwa mfumo wa kisasa. Umri wake haunisumbui, kwani kitu kizee kinachofanya kazi ni kitu kizuri. Kinachonisumbua ni kwamba neno "kisasa" lilitumika kufunga mdomo wa yeyote aliyelalamika.

Nilipima kwa simu yangu. Mama alikumbuka kuwa ankara ya zamani ilitoka kwa kama sekunde 15, na wateja wa siku nyingi walisema vivyo hivyo. Ya sasa ilichukua dakika 1 na sekunde 45. Printa ni ileile, karatasi ni ileile, Mama ni yuleyule. Tofauti ni sekunde 90. Siku yenye shughuli duka hutoa ankara 140, na 90 mara 140 ni sekunde 12,600. Hizo ni saa tatu na nusu za kusimama, kila siku ya shughuli.

Sababu yake haina muujiza. Programu ya zamani ilituma herufi tupu. Ukurasa wa mistari 66 yenye herufi 80 kila mmoja hauzidi herufi 5,280, na printa ya doti ina maumbo ya herufi ndani yake tayari: ukiitumia A, inajua jinsi ya kuigonga. Programu mpya haitumi A. Inauchora ukurasa mzima kama picha, kisha kiendeshi cha printa kinaikata picha hiyo kuwa nukta. Kwa nukta 120 kwa 144 katika kila inchi ya mraba, ukurasa wa inchi 8 kwa 11 ni nukta zaidi ya milioni 1.5, na nafasi nyeupe nazo zimo katika hesabu. Tena vijisindano havikukaribiana kiasi hicho, kwa hiyo kichwa cha printa hupita mara mbili palepale. Yote hayo ili neno "misumari" litoke na umbo zuri kidogo, kwenye nakala ya tatu ambayo mlinzi wa getini ataichana.

Sasa nisikilize visingizio vilivyotolewa.

Cha kwanza: ni dakika moja tu, subira yavuta heri. Subira ya nani? Mwendesha guta anayengoja pale nje halipwi kwa saa, analipwa kwa safari. Foleni ikirefuka, safari zake zinapungua, na hakuna dirisha la kwenda kudai. Fundi anayesubiri nondo kwenye kiwanja amekwisha kulipwa kutwa yake na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye aliyesimama foleni. Mama mwenyewe aliacha kwenda kula mchana, kwa kuwa akiondoka dakika kumi anakuta watu wamejaa hadi mlangoni na wote wanamtazama yeye. Bosi ofisi yake iko juu. Kule foleni haipandi ngazi. Ni rahisi kuhimiza subira ukiwa umekaa.

Cha pili kinaniuma zaidi, kwa sababu kilikuwa changu. Kinasema wafanyakazi wa zamani wanaogopa mabadiliko. Pendekezo langu la utafiti lilikuwa kuhusu jambo hilohilo, na nilikuwa nimeandika kurasa 11 kabla sijasimama kaunta hata siku moja. Mama alinifaa mno kama mfano: ana miaka hamsini na ushei, mausi hataki, ananung'unika. Nikamwuliza, kwa upole wa kisomi, kama mfumo mpya unamtia hofu. Alinitazama kwanza.

"Mwanangu, mimi nilianza na vitabu vya ankara vya kuandika kwa mkono. Nikahamia kompyuta. Nikahamia M-Pesa. Hofu gani? Nakwambia printa inachelewa."

Alikuwa amenipa taarifa ya kitaalamu, sahihi kabisa, nami nilitaka kuiandika kama hisia. Bosi alifanya vivyo hivyo, ila yeye aliiandika kwenye barua yenye muhuri. Sioni tofauti kubwa kati yetu. Sote wawili tulisikia mtu akieleza tatizo la mashine, tukaanza kumchunguza mtu.

Cha tatu: ndivyo mfumo ulivyo. Sivyo. Nilimpigia simu mtaalamu, akaja Jumamosi. Ni kijana muungwana, na alishangaa kwa dhati. Alikuwa ameijaribu programu ofisini kwake, kwenye printa ya leza, ankara moja moja, akiwa na kikombe cha chai. Kumbe FoxPro ina amri inayoandikwa kwa alama tatu za kuuliza, ambayo huyapeleka maandishi moja kwa moja kwenye printa bila kupitia kiendeshi. Imo pia katika toleo lile alilotumia. Akaiandika upya sehemu ya ankara peke yake, akaziacha ripoti za bosi na mapambo yake. Ilimchukua mchana mmoja. Ankara ikatoka kwa sekunde 18.

"Kaka, ungejua tangu mwanzo?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyeniambia kuna foleni," akasema.

Namwamini. Siku ya kupokea mfumo walikaa bosi, mhasibu na yeye. Mama aliitwa baadaye, kufundishwa. Mtu aliyetoa ankara kwa miaka 19 hakuulizwa ankara inatakiwa itoke kwa haraka gani, na swali hilo moja lingeokoa miezi mitatu.

Kwa hiyo nawaambia wanaohamisha mifumo, na sisi tunaoandika tasnifu juu yao: mfumo haujakamilika mpaka umejaribiwa kwenye kaunta yenyewe, kwa printa ileile, siku ya shughuli, na aliyeketi pale ndiye aseme umefaulu. Na programu ikirekodi muda, isimwandikie karani sekunde za mashine. Hiyo si takwimu, ni usingiziaji.

Zile kurasa 11 nimezitupa, na msimamizi wangu hakufurahi. Naanza upya, na safari hii naanzia kwa anayesubiri.

Ila kuna jambo halijatengenezwa. Printa sasa inakwenda, foleni imekatika, Mama anakula mchana. Barua ya onyo bado imo kwenye faili lake. Niliuliza kama itaondolewa. Nikajibiwa kuwa tatizo limekwisha, ya nini kurudi nyuma?

Iondolewe.