KOCHA WA TIMU YENYE MKWANJA: MNYONGENI, LAKINI HAKI YAKE MPENI

Leo naomba tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani, tuingie kwenye ubishi ambao kuanzia Mwanjelwa hapa Mbeya mpaka Kihesa kule Iringa hauishi. Timu ikiwa na hela ya kumsajili yeyote inayemtaka, halafu ikabeba ubingwa, kocha naye apewe sifa? Au sifa zote ziende kwa tajiri aliyetoa mkwanja?

Kijiweni jibu huwa liko tayari. "Kocha gani huyo bwana? Kile kikosi hata mimi ukinipa nabeba kombe, tena huku naendesha boda." Wapo na wachambuzi wakubwa tu, majina naweka kapuni, wanasema kitu hicho hicho kwa maneno ya kisomi. Eti kocha wa Yanga au Simba kazi yake ni kuandika majina 11 na kwenda kukaa benchi.

Mi nasema hapana, ila nanyi mna hoja. Tulia nikueleze.

Nianze na hoja yenu maana ina nguvu kweli. Simba ilibeba ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Unajua ilifika mwisho wa misimu hiyo na makocha wangapi? Wanne. Pierre Lechantre, Patrick Aussems, Sven Vandenbroeck na Didier Gomes. Kila kombe na kocha wake. Njoo Jangwani sasa: 2021/22 na 2022/23 ni Nasreddine Nabi, 2023/24 ni Miguel Gamondi, na 2024/25 ndiyo kiboko, msimu mmoja makocha watatu. Gamondi akaanza, Sead Ramovic akapokea, Miloud Hamdi akamalizia. Kombe likaenda kwa Wananchi kama kawaida.

Kwa hiyo nakubali. Madereva wakibadilishwa kila siku na gari linafika salama, basi gari lenyewe ni zima. Kombe la ligi peke yake halitoshi kutuambia kocha ni mkali. Hapo tuko pamoja.

Lakini kama hela ndiyo kila kitu, nielezeni habari ya Azam. Hela ipo, uwanja wao wenyewe upo pale Chamazi, mshahara hauchelewi. Ubingwa wa ligi wameupata mara moja tu, msimu wa 2013/14, chini ya Joseph Omog, tena bila kupoteza mechi. Tangu hapo mpaka msimu wa 2024/25 unaisha hawajauona tena. Hela waliyonayo wengi wetu tungeitamani, ila kombe haliuzwi dukani.

Na sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini ndiyo hatutakiwi kabisa kusema hela inacheza mpira. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ya Nabi ilikuja Mbarali ikiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ikakutana na Ihefu pale Highland Estate, Ubaruku. Ikalala 2-1. Mkwanja wote ule ulishuka kwenye basi, ukavaa jezi, ukaingia uwanjani, ukafungwa. (Ihefu yenyewe baadaye ikahamishiwa Singida na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Hiyo nayo ni kazi ya hela, ila tuiache kwa leo.)

Hapa kwetu tunajua mchele wa Kyela. Mchele mzuri kuliko wote, unanukia kabla hujaiva. Ila mpe mtu asiyejua moto uone, atakuletea ukoko juu, uji chini. Mchele mzuri unampunguzia mpishi kazi, haumfutii kazi.

Kuna kitu kingine kinaniudhi. Timu ikifungwa, nani anatimuliwa? Gamondi alibeba ubingwa 2023/24. Novemba 2024 akafungwa 1-0 na Azam, siku chache baadaye akapigwa 3-1 na Tabora United. Mwezi huo huo akatupiwa virago. Hakuna aliyesema "hao ni wachezaji wa tajiri, kocha hahusiki." Sasa haiwezekani tukishinda sifa ni za mfadhili, tukifungwa lawama ni za kocha. Chagua moja. Kama kichapo ni chake, kombe nalo lina jasho lake.

Ubishi huu hata haukuanzia kwetu. Huko Marekani kwenye besiboli yuko Dave Roberts wa Los Angeles Dodgers, timu yenye hela hasa. Kabeba World Series 2020, 2024 na 2025. Tuzo ya kocha bora wa mwaka kwenye ligi yao ya National kaipata mara moja tu, 2016, mwaka wake wa kwanza pale, na mwaka huo World Series hakubeba. Yaani alipoonekana mgeni walimpongeza, alipoanza kubeba makombe watu wakasema "si ana mastaa huyo." Unaona? Kila mahali ni wimbo ule ule.

Basi tupimeje? Mi nina mizani miwili.

Wa kwanza: mwangalie kocha siku ambayo hela yake si kubwa tena. Yanga ikija Sokoine ni tajiri. Ikienda Algiers au Pretoria ni timu ya kawaida tu, inakutana na waliozoea makubwa. Hapo ndipo kocha anaonekana. Nabi mwaka 2023 aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakafungwa 2-1 na USM Alger Dar, wakaenda Algeria wakashinda 1-0, kombe likapotea kwa bao la ugenini tu. Gamondi aliipeleka timu makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya miaka 25 ya kuyasikia redioni, akafika robo fainali, Mamelodi Sundowns wakatoka naye suluhu nyumbani na ugenini mpaka penalti zikaamua. Fadlu Davids wa Simba msimu wa 2024/25 ligi aliikosa, lakini fainali ya Shirikisho alifika, akafungwa na RS Berkane. Ukipima kwa kombe la ligi, Fadlu kafeli. Ukipima kwa mizani wangu, kafanya kazi.

Wa pili: mwangalie amefanya nini na mchezaji ambaye hakununuliwa kwa hela ndefu. Clement Mzize alitoka timu ya vijana ya Yanga. Hakuna aliyempokea uwanja wa ndege kwa vuvuzela. Kwenye kikosi kilichokuwa na Fiston Mayele, Nabi angeweza kumwacha dogo aoze benchi na hakuna ambaye angemlaumu. Akampa dakika. Leo Mzize kila mtu anamjua. Hiyo hela haikufanya, ni jicho la kocha.

Ukiweka mizani hiyo, kocha wa timu ya mkwanja anapata haki yake. Si yote, lakini ipo. Kuwaweka mastaa 25 chumba kimoja, 11 wacheze na 14 wanune bila kuvunja timu, si kazi ya dereva wa boda. Samahani kaka zangu wa boda.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika.

Ule msemo wa "hata mimi ningebeba na kikosi kile" hebu tuufuate mpaka mwisho wake. Kama ni kweli kwamba yeyote anaweza, mbona hao yeyote hatuwaoni wakikabidhiwa?

Juma Mwambusi. Watu wa Mbeya mnalijua hilo jina. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda ligi kuu 2013 na wachezaji ambao Dar hakuna aliyewajua. Msimu wa kwanza tu, 2013/14, ikamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Simba ikawa ya nne, chini yetu. Sokoine ilikuwa zambarau tupu, koma kumwanya kila kona. Zawadi yake Mwambusi ilikuwa nini? Msimu wa 2015/16 alikuwa Yanga, msaidizi wa Hans van der Pluijm. Na 2021, Cedric Kaze alipotimuliwa Yanga, Mwambusi akaitwa ashike timu kwa muda. Aprili Nabi akafika, Mwambusi akapisha kiti.

Iringa nanyi mna wenu. Selemani Matola na Lipuli, Wanapaluhengo. Mei 2019 wakaichapa Yanga 2-0 pale Samora kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Wakaenda fainali Lindi, wakafungwa 1-0 na Azam, hao hao wenye hela. Matola akapita Polisi Tanzania, na kabla mwaka 2019 haujaisha alikuwa Simba. Kama nani? Msaidizi. Lipuli yenyewe msimu uliofuata ikashuka daraja.

Juma Mgunda naye wa Tanga. Septemba 2022 Simba imebaki bila kocha, akapewa timu, akaivusha mpaka makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari akaja Robertinho, Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Kikosi kile kile mnachosema yeyote anakiweza, yeye alikiweza kweli, na bado akaambiwa akae pembeni.

Kwenye daladala tuna jina la mtu wa hivyo. Deiwaka. Anashika usukani mwenye gari akiwa hajapata dereva, akipatikana anashuka, anasubiri siku nyingine. Makocha wetu tumewafanya deiwaka.

Halafu tunasema mcheza kwao hutunzwa. Anatunzwa na nani?

Mtaniambia leseni. Sawa, leseni inasomewa, na klabu inayoweza kumlipa mgeni mshahara wa dola inaweza kumlipia mzawa ada ya kozi. Mtaniambia uzoefu wa kimataifa. Utaupata wapi kama kila ndege ikikaribia kuruka wanakuita ushuke?

Klabu zenyewe, kwa vitendo, zinawajibu wa kijiweni. Zinalipa makocha hela nyingi kwa sababu zinajua kocha ana maana. Zingekuwa zinaamini yeyote anaweza, zingempa Matola miaka mitatu na kuokoa hizo dola. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Kocha ana maana, basi Nabi na Gamondi wapewe sifa zao, na aliyeiweka Mbeya City juu ya Simba kwa hela ya halmashauri apewe zaidi, tena apewe kwa kazi, si kwa makofi. Au kocha hana maana, basi tuache kuwapokea wageni uwanja wa ndege na tuwape wazawa hicho kikosi kinachojiendesha chenyewe.

Mi naamini ana maana. Ndiyo maana naumia. Kuna dogo sasa hivi anafundisha timu ya mtaa pale Soweto, mipira miwili, koni za kuokoteza, na anaisoma mechi kuliko wengi wanaolipwa kuichambua kwenye redio. Akipanda mpaka ligi kuu na akafanya maajabu, kilele chake kitakuwa kubeba chupa za maji za kocha mgeni? Hapo ndipo ubishi wetu unapomgusa mtu, si kwenye nani kabeba kombe.

Haya, uwanja ni wenu. Kocha gani wa timu yenye hela unampa sifa kwa moyo mmoja? Na ukipewa Yanga au Simba leo uchague kocha mzawa umpe miaka mitatu kamili, unampa nani? Dondosha jina hapo chini, na matusi acheni nyumbani.