Maji Yasiitwe Saida

Huko Somerset, Uingereza, kuna tufaha liitwalo Kingston Black, lenye asili ya kijiji cha Kingston St Mary, karibu na Taunton. Matufaha mengi ya saida, yaani pombe ya matufaha, hayajitoshelezi: haya yana uchachu, yale yana ukakasi, sharti yachanganywe. Kingston Black lina vyote viwili. Juisi yake peke yake, ikichachuka, hutoa saida kali iliyokamilika. Anayeionja huupata uchachu kwanza, kisha ukakasi unaokausha ulimi. Wala hahitaji tangazo la biashara limweleze anachokunywa.

Lakini sheria ya nchi hiyohiyo yasemaje? Tangu mwaka 2010, asilimia 35 tu ya juisi yatosha kinywaji kuitwa saida. Sehemu kubwa ya kilichobaki yaweza kuwa maji na sukari!

Wapo watakaodai kuwa huo ni unafuu kwa mnyonge. Hoja hiyo ni dhaifu. Hatupingi bei nafuu. Tunapinga jina la uongo. Zamani vibarua wa mashamba ya Uingereza walilipwa sehemu ya ujira wao kwa saida, mpaka sheria ya mwaka 1887 ilipokomesha dhuluma hiyo. Jana mfanyakazi alipewa saida badala ya fedha; leo anatoa fedha, anapewa maji.

Chupa na itamke wazi kiasi cha juisi iliyomo. Mkulima aliyepanda, akachuma na kukamua asishindanishwe na bomba la maji.