Damu inapovuja ndani ya kifua

Kwetu Bunyakiri mtu akikohoa damu wote tunasema neno moja: kifua kikuu. Mara nyingi ni kweli, na makohozi lazima yapimwe. Lakini kuna mgonjwa ambaye hawezi kungoja majibu ya makohozi. Ni yule anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Tunao katika familia zetu. Ni mama ambaye damu iliganda mguuni baada ya kujifungua. Ni kijana mwenye vali za moyo zilizoharibika, pengine kwa sababu ya maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa utotoni. Muganga huwapa warfarini au Sintrom, na dawa hiyo inawaokoa. Ila ikizidi nguvu, damu huanza kuvuja: kwenye fizi, puani, katika mkojo, na hata ndani ya mapafu.

Mapafu yana vifuko vidogo sana vya kupokea hewa. Damu ikivijaza, hewa inakosa nafasi. Na tukumbuke hili: hadi theluthi moja ya wagonjwa hao hawakohoi damu hata kidogo. Wanahema tu, wanachoka, viganja na kope za ndani zinakuwa nyeupe. Sisi tunafikiri ni malaria, na saa zinapita.

Nini huzidisha nguvu ya dawa hiyo? Kwanza, vidonge tunavyonunua sokoni bila kuuliza. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Bactrim na Flagyl pia. Pili, pombe, iwe kasiksi au kanyanga. Tatu, chakula kinachobadilika ghafula. Sombe na lengalenga zina vitamini K nyingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa. Aliyezoea kula sombe kila siku, akiacha wiki nzima, dawa inamzidi. Basi asiache mboga. Ale kipimo kilekile, na damu yake ipimwe INR kila mara muganga anapopanga.

Mama anayetumia dawa hizi amwone muganga kabla ya kubeba mimba, kwa maana warfarini inaweza kumwumiza mtoto tumboni.

Mgonjwa wa dawa hizi akikohoa damu, au akianza kuhema bila sababu, tumpeleke hospitali ya Bulambika siku ileile, hata kama ni usiku. Tubebe karatasi zake na boksi la dawa, na neno la kwanza kwa muganga liwe: «Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.» Kidonge kinachofuata kingoje ruhusa ya muganga. Lakini asiyevuja damu asiache dawa kwa woga, maana damu ikiganda tena inaweza kumwua.

Wakiamua aende Bukavu, njia ya kupita mbuga ya Kahuzi-Biega ni ndefu na usafiri unaomba pesa. Ndiyo maana MUSO zetu zina sanduku jekundu. Kila kikundi kijue mapema ni nani kati yetu anatumia dawa hizi, na ni nani anashika ufunguo wa sanduku hilo. Tuulizane hayo katika mkutano wa wiki hii.