Acheni Kugeuza Vibati vya Injini za Boti

Kuna ujanja wa zamani kwa mafundi wa injini za boti, na unatoshea vizuri sana kwa video ya sekunde 60. Injini kuukuu imekataa kushika, kabureta inatema petroli. Fundi anafungua, anapata vibati vya ridi vimepinda. Anavigeuza, upande wa nyuma unakuja mbele, anafunga, anavuta kamba. Vrrrm! Watu wanashangilia, wanagawa mapenzi kwa komenti.

Wasee, huyo hajatengeneza kitu. Ajali ilikuwa imwamkie ufukweni, yeye ameisogeza hadi katikati ya ziwa.

Kama hujui ridi ni nini, sikiza. Injini ya mipigo miwili, ile unachanganya oili ndani ya petroli, haina vali kama za gari. Kati ya kabureta na tumbo la injini kuna mlango mdogo wa vibati vyembamba, vingine vya chuma, vingine vya faiba. Pistoni ikipanda inavuta, vibati vinafunguka, hewa na petroli zinaingia. Pistoni ikishuka inasukuma, vibati vinajifunga, ule mchanganyiko unapanda kwa silinda ukachomwe. Ni mlango wa kuingia tu, na hauna springi. Ni kibati chenyewe kinapinda na kurudi.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kibati nacho kinafunguka na kujifunga mara 5,000. Safari ya dakika 40 ni mara 200,000. Hicho chuma kimezoea kupinda upande mmoja, halafu wewe unakilazimisha upande wa pili. Chukua waya, pinda huku, pinda kule. Itafika mara ngapi kabla ikatike?

Na kikikatika, kipande kinaweza kumezwa ndani, kikwaruze pistoni na kuharibu beringi. Injini inazima, na boti isiyo na injini inaenda penye upepo unataka.

Najua mtu wa Nakuru mjini atasema hii haimhusu, juu ziwa letu ni mbuga. Sawa. Na wikendi, ni nani anajaza boti za Naivasha akipiga selfi na viboko? Halafu kuna Baringo. Pale 2020 maji yalipanda yakameza barabara, hoteli na nyumba za watu. Kwa mtu wa Kampi ya Samaki au kisiwa cha Ol Kokwe, boti si mandhari ya video. Ni matatu yake, ndani ya ziwa lenye mamba na viboko. Mama anayepeleka mtoto hospitali hajui ridi ni nini, na si kazi yake kujua. Ni kazi ya aliyefunga ile injini.

Kuna wale watasema, "Mbona mjomba amegeuza miaka yote na haijawahi katika?" Buda, kuna watu wameendesha matatu bila breki mzuri wakafika. Hiyo ni bahati, na bahati haifundishwi kama ufundi.

Wengine watasema spea ni ghali. Hapo naelewa, pesa ni ngumu kila mahali. Lakini aliyelipa nauli hakukubali kubeba hiyo hatari. Kama mwenye boti hana pesa ya vibati vipya leo, leo boti ilale ufukweni.

Na kazi yenyewe si uchawi. Osha vibati na mdomo wake kwa petroli safi. Shikilia kwa mwanga: kikiwa na ufa, ncha imemeguka, au kimeachana na mdomo, badilisha. Usikinyooshe kwa mkono. Ile sahani ya juu inayozuia kibati kisifunguke kupita kiasi, usiikunje kwa macho. Ina kipimo chake kwa kitabu cha injini. Skrubu zipakwe gundi yake, juu ikilegea moja inaenda kwa tumbo la injini. Gasketi iwe mpya. Usipake silikoni, petroli inaila na vipande vinaingia ndani. Boliti kaza kwa kuvuka, huku kidogo, kule kidogo, mlango ukae sawa. Kuna fundi kwa kibanda cha mabati hajawahi kuona darasa la chuo, na anafanya haya yote bila kuruka hata moja. Huyo hana video. Huyo ndiye wa kufuatwa.

Mimi pia nakula kwa hizi video, kwa hivyo najua mchezo. Mtazamaji anapenda injini ikinguruma. Hakuna anayengoja kuona mtu akikagua kibati kwa mwanga dakika kumi. Lakini tukipandisha ujanja na kuficha kazi, kuna kijana mahali ataenda kufunga injini ya watu vile tulimwonyesha.

Kwa hivyo ukipata video ya "geuza, funga, maliza", usisambaze. Andika hapo chini ni hatari, na useme ni kwa nini. Na kabla upande boti, vaa jaketi la kuelea, halafu uliza wazi: hii injini ilifunguliwa lini, na waliweka vibati vipya ama waligeuza? Wakikucheka, shuka.