Kabla ya Kisu, Mashauriano

Saratani ya mapafu inapogunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, jamaa hugawanyika: hawa huhimiza kisu, wale husema mgonjwa arudishwe nyumbani. Sisi tunaona pande zote mbili zina haraka.

Hakika hatua za maradhi haya hazilingani. Yakiwa yamefika kwenye tezi zilizo kati ya mapafu mawili, baadhi ya wagonjwa hutangulizwa dawa ndipo wapasuliwe. Wengine hufaidika zaidi na mionzi pamoja na dawa. Yakiwa yamefika kwenye ubongo, ini au mifupa, kwa kawaida kisu hakiponyi. Hata hapo, dawa za saratani na tiba ya kutuliza maumivu hazikosi faida.

Uamuzi huo hauwi wa mtu mmoja. Na wakae pamoja bingwa wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa za saratani, na wasomaji wa picha na vipimo. Na nguvu ya pumzi ya mgonjwa ipimwe. Nasi jamaa tuache kumficha mgonjwa habari zake. Mwenye kifua ndiye mwenye neno la mwisho.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu.