Mgeni wa dijitali amefika, mwenyeji wa Pwani apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyepiga hodi katika hospitali zetu ni dijitali, na alipokewa kwa heshima. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya kwa mpigo, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Kidijitali. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ikaondoka na SHA ikashika usukani. Serikali inasema zaidi ya Wakenya milioni 20 wamesajiliwa. Swali letu watu wa Pwani ni moja tu: mwenyeji anapona?

Kuna mambo mawili ambayo wanasiasa huyachanganya jukwaani. La kwanza ni mtambo wa kumtambua mgonjwa na kulipia matibabu yake: kujisajili kwa *147#, kuweka kidole kwenye mashine, hospitali kutuma madai yake SHA. La pili ni tiba ya mbali, yaani daktari aliye Mombasa amuone, amsikilize na amuelekeze mgonjwa aliye Kizingitini bila ya mgonjwa huyo kupanda chombo. Yote mawili yanaitwa dijitali. Lakini pesa nyingi na kelele nyingi zimekwenda kwa la kwanza, na sisi haja yetu kubwa ni la pili.

Angalieni Lamu Mashariki. Mgonjwa wa Faza, Ndau au Kiunga akiandikiwa kwenda hospitali ya rufaa, safari yake huanzia baharini. Chombo hupita Mkanda, na msimu wa kusi bahari hukasirika. Akishafika Lamu mjini, akikosa daktari bingwa pale, huvuka hadi Mokowe na kushika barabara ya zaidi ya kilomita 300 mpaka Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Mto Tana ukifurika, barabara ya Garsen hukatika na safari ikaishia njiani. Na wengi wanaokwenda safari hii hawaendi kupasuliwa. Wanakwenda kuulizwa maswali, kupimwa presha, kubadilishiwa dawa ya sukari, kisha kuambiwa warudi baada ya miezi mitatu.

Mtu kama huyo ndiye tiba ya mbali iliyoumbiwa yeye. Si mama aliyeshikwa na uchungu, kwa sababu mtoto hazaliwi kwa simu. Si mwenye kutaka damu wala upasuaji. Huyo anahitaji boti ya dharura na mafuta ndani yake. Lakini mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa ngozi, mwenye msongo wa mawazo, mwenye picha ya eksirei inayotaka jicho la bingwa, hawa wote wanaweza kuhudumiwa katika zahanati ya mtaani kwao, muuguzi akiwa ubavuni mwao na daktari akiwa kwenye skrini.

Msingi wa jambo hili tunao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa simu, mashine ya presha na kipimo cha sukari. Hawa ni dada na kaka zetu, wanajua nani ndani ya nyumba ipi anaumwa. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa baina ya serikali kuu na kaunti, na malalamiko ya kucheleweshwa yamekuwa wimbo. Vipimo wanavyochukua vinaingia kwenye simu na kupanda juu hadi Nairobi. Lililobaki ni vipimo hivyo kushuka tena vikiwa jawabu: daktari avione, ampigie muuguzi wa zahanati, mgonjwa abadilishiwe dawa siku hiyo hiyo. Taarifa inayopanda bila kushuka ni takwimu tu, haimponyi mtu.

Kikwazo cha kwanza ni mtandao. Ajabu ya Musa ni kwamba nyaya za intaneti za baharini ziliingia Kenya kupitia Mombasa mwaka 2009. Nchi nzima, na hata majirani zetu, hunywa kutoka kisima kilicho mlangoni petu, huku kuna vijiji vya Pwani ambako mtu hupanda mlima wa mchanga kutafuta mawimbi. Mtambo unapolala, karani hunyanyua mikono: "Sistimu haiko." Mgonjwa hukaa kwenye benchi akingoja mashine ipone kwanza ndipo yeye atibiwe. Hapo mgeni ndiye anayeuguzwa na mwenyeji.

Cha pili ni kugawana mzigo. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti zahanati na hospitali zake, lakini mtambo umejengwa Nairobi. Nani ananunua bando? Nani analipa stima, nani anatengeneza kompyuta iliyoliwa na chumvi ya bahari? Tulishaonja mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza 2015. Mashine zilifika kaunti zote 47, baadhi zikakaa kwa kukosa wataalamu au umeme. Mashine bila mtu ni samani.

Cha tatu kinatugusa sisi zaidi ya wengine. Mtambo huu mlango wake ni kitambulisho. Pwani tunajua maana ya kijana kuzungushwa miaka kwa kitambulisho, aulizwe cheti cha babu aliyezaliwa kabla ya uhuru. Wamakonde wa Kwale walipata vitambulisho vyao 2017, Wapemba wakatambuliwa kuwa raia 2023 baada ya miongo ya kuishi hapa. Asiyekuwa na karatasi zamani alitibiwa na daktari aliyemhurumia. Mashine haina huruma, humsoma au humkataa.

Ni haki kusema kwamba ukaguzi huu haukuja bure. NHIF iliibwa kwa madai ya wagonjwa hewa, na mwaka 2025 Waziri Aden Duale alizisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu, kisha akaagiza alama za vidole zitumike badala ya namba ya siri ya simu. Mwizi lazima azibiwe njia. Ila kidole cha mchonga mawe, cha mvuvi na cha bibi msuka makuti kimeshasagika. Kisiposomeka, pawe na njia nyingine iliyoandikwa, si hisani ya karani.

La mwisho ni sitara. Tuna msemo kuwa mficha uchi hazai, na mama zetu walimfunulia mkunga siri zao kwa kuwa walimjua na walijua amana yake. Leo ndani ya chumba yumo wa tatu asiyeonekana. Mke wa mtu akimueleza daktari maradhi yake kwa video, nani anahifadhi ile picha? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika daraja la siri nyeti. Hata hivyo ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotoka Machi 2025 ilieleza kwamba mtambo wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi wala haudhibitiwi na serikali. Serikali ilijitetea kwamba inalipia huduma tu. Basi na ituambie wazi funguo za amana yetu ziko mkononi mwa nani.

Bajeti za kaunti zinapofikishwa kwetu kwa maoni ya umma, tusiende kunywa soda na kupiga picha. Tuulize mambo manne: zahanati gani za visiwani zitapata intaneti na sola mwaka huu, daktari gani bingwa, siku gani, atakuwa zamu ya kuzungumza nazo, dawa atakazoandika zitakuwepo kabatini au la, na mgonjwa asiyesomeka na mashine atatibiwa vipi. Gavana akijibu hayo kwa majina na tarehe, tumpe mgeni mkeka akae. Akijibu kwa hotuba, mwenyeji bado yu kitandani.